Mnasanzi katika Ardhi ya Shaba

Mkazi wa Kolwezi anapotaja Mashamba, mara nyingi hakusudii konde la mahindi wala la mihogo. Mashamba ni jina la machimbo mawili ya wazi, la Mashariki na la Magharibi, ambamo shaba na kobalti zimechimbwa kwa miongo mingi. Neno linalomkumbusha Mswahili wa mwambao jembe na mbegu, hapa humkumbusha msikilizaji baruti, malori na vumbi jekundu. Kwa hiyo mtu atakaye kukuza mmea wowote katika lupango, kama wenyeji waitavyo kiwanja cha nyumba, hana budi kuanza na maswali mawili: udongo huu una nini, na maji haya yamepita wapi? Makala haya yanayachunguza maswali hayo kwa kuufuata mmea mmoja mgeni ambao hauvumilii makosa katika mambo hayo mawili, yaani mmea wa Marekani ulao wadudu, ambao kwa Kilatini huitwa Dionaea muscipula na kwa Kifaransa cha Kongo hujulikana kama dionée.

Kwanza jina, maana mmea huu hauna jina la Kiswahili lililozoeleka. Arthur Dobbs, gavana wa North Carolina, aliutaja katika barua ya mwaka 1759, na mwishoni mwa miaka ya 1760 John Ellis wa London akaupa jina la kitaalamu. Dionaea latokana na Dione, mama wa mungu-jike ambaye Warumi walimwita Venus. Muscipula ni neno la Kilatini lenye maana ya mtego wa panya, si mtego wa nzi, wala mmea huo haunasi panya. Watu wa kawaida waliusahihisha mtego huo ukawa wa nzi, lakini nao hawakupata kweli yote, kwa sababu huko porini mawindo yake mengi ni sisimizi na buibui, kisha mbawakawa na panzi. Wadudu warukao ni wachache. Kiswahili kina mfano mzuri wa kufuata. Kuna mmea ambao majani yake hujikunja yaguswapo, nao huitwa kifauongo, jina lililotokana na tendo lenyewe. Kwa mfano huo, mmea wa Ellis utaitwa hapa mnasanzi, ingawa nzi si chakula chake kikuu. Jina la mmea halilazimiki kuwa orodha ya mlo wake.

Msamiati wa kutega, ambao Kiswahili kinao kwa wingi, unatosha kueleza kazi ya mmea huu bila kuazima maneno. Kila jani la mnasanzi huishia katika vipande viwili vinavyokabiliana kama kurasa za kitabu kilichofunuliwa, vyenye meno marefu pembeni. Ndani ya kila kipande mna vinywele ambavyo kwa kawaida ni vitatu. Kinywele kikiguswa mara moja, hakuna litokeacho. Kikiguswa mara ya pili, au kingine kikiguswa, kabla ya sekunde 20 hivi kupita, mtego hufyuka, na majani ya mitego yenye afya hufumba kwa muda wa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Hata hapo kazi haijaisha. Mwaka 2016 kundi la watafiti lililoongozwa na Rainer Hedrich wa Würzburg, Ujerumani, lilionyesha kwamba mmea huendelea kuhesabu miguso ya mdudu anayepapatika, na kwamba ni baada ya miguso mitano hivi ndipo unapoanza kutengeneza vimeng'enya vya kumeng'enyea. Tone la mvua au kijiti kilichoanguka hakipapatiki, kwa hiyo mtego hufunguka tena baada ya saa kadhaa bila kupoteza vimeng'enya. Mdudu aliyenaswa humalizwa kwa wiki moja au zaidi, na mtego mmoja, baada ya kula mara tatu au nne, huwa mweusi na kufa.

Mazoea ya kuutekenya mtego kwa kidole ili wageni wacheke yanatakiwa kuachwa tangu siku ya kwanza. Kila kufyuka bure kunaugharimu mmea nguvu ambazo hazirudi, na mtego uliochezewa mara kadhaa hufa kabla ya kula chochote.

Wengi hudhani kwamba mdudu ndiye chakula cha mmea. Sivyo. Mnasanzi ni mmea wa kijani kama mingine, nao hujitengenezea chakula kwa usanisinuru. Kwa lugha ya mezani ya Katanga, mwanga wa jua ndio bukari, mdudu ni kitoweo tu. Mdudu huuletea naitrojeni na fosforasi, vitu ambavyo mimea mingine huvivuta kwa mizizi. Mnasanzi haukuweza kuvipata kwa njia hiyo kwa sababu asili yake ni ukanda mdogo wa pwani ya North Carolina na South Carolina, kuzunguka mji wa Wilmington, penye mchanga mchachu, majimaji na mboji nyeusi iliyokwisha kusuuzwa na mvua. Mizizi iliyozoea ufukara huo haijui kujikinga na wingi. Chumvi za madini zikirundikana katika udongo, ncha za mizizi huungua, majani mapya hudumaa, na mmea hufa polepole huku mwenyewe akizidi kuutia mbolea akidhani una njaa. Samadi, mboji ya jalala, mbolea ya dukani, majivu, na ule udongo mweusi unaosifiwa kwa mchicha ni sumu kwake. Katika bustani ya kawaida mwenye huruma hupata mavuno. Kwa mnasanzi huruma ya namna hiyo huua.

Hapo ndipo Kolwezi panapokuwa mahali pagumu na pia, kwa jambo moja, mahali pazuri.

Ugumu ni maji. Miamba ya eneo la shaba la Lualaba ina dolomiti nyingi, yaani mwamba wa chokaa yenye magnesi, na maji ya kisima yaliyokaa ndani yake huwa na chokaa iliyoyeyuka. Maji kama hayo humfaa binadamu lakini hayaufai mnasanzi. Mito nayo si kimbilio, kwa kuwa Musonoi na Luilu imepokea mabaki ya viwanda vya madini kwa miaka mingi. Kuyachemsha maji hakusaidii. Moto huua vijidudu, lakini chumvi nyingi hubaki, na kadiri mvuke unavyotoka ndivyo zinavyozidi kukolea. Maji ya chupa yauzwayo kwa sifa ya madini yake yamejitangaza yenyewe kwamba hayafai. Mwenye kipimo kidogo cha kupimia vitu vilivyoyeyuka katika maji atafute maji yasiyozidi miligramu 50 kwa lita. Asiye na kipimo atumie mvua, au maji yaliyotoneshwa ambayo mafundi magari huyauza kwa ajili ya kuongezea katika betri. Lakini ahakikishe kwamba chupa aliyopewa ni ya maji na si ya asidi, kwa maana vitu hivyo viwili mara nyingi hukaa rafu moja.

Uzuri wa Kolwezi ni mvua hiyo yenyewe. Huanza kiasi cha Oktoba na kuendelea mpaka Aprili, nayo hutoka mawinguni ikiwa karibu safi kabisa. Kinachoiharibu ni mahali inapopita. Baada ya miezi ya ukavu kila paa la mji limefunikwa na vumbi la barabara za migodi, vumbi lenye chembe za shaba na kobalti, na mabati yenyewe hutoa zinki kidogo kidogo. Mvua za kwanza za msimu, basi, ziachwe ziende zake, zinaosha mji. Kuanzia Desemba, wakati hewa na mapaa yamekwisha kusafishwa, mtu atandaze turubai safi la plastiki uwanjani, alikaze kwa miti minne, na katikati aliinamishie ndoo. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Turubai la mita 2 za mraba, likipata mvua moja ya milimita 15, hutoa lita 30. Chungu kimoja cha sentimita 12 kilichowekwa juani hutumia kiasi cha nusu lita hadi lita moja kwa wiki. Kiangazi cha miezi sita, ambacho humtisha mkulima wa kila zao, kwa mwenye chungu kimoja humalizwa na mvua moja ya alasiri iliyokingwa vizuri. Maji hayo yahifadhiwe katika pipa la plastiki lenye kifuniko, kivulini, yasiote ukoga.

Namna ya kumwagilia ni kuweka chungu chenye matundu ndani ya sahani yenye maji ya kina cha sentimita moja au mbili, udongo ukavute wenyewe kutoka chini. Vitabu vya Ulaya huishia hapo. Katika nchi ya malaria sahani ya maji yaliyotulia haiwezi kuachwa hivyo, kwa kuwa yai la mbu hukamilika kuwa mbu kwa muda wa wiki moja hadi mbili hivi. Sahani hiyo imwagwe yote na kupanguswa kila baada ya siku nne, ndipo itiwe maji mapya. Ifahamike vilevile kwamba mnasanzi hautamwondolea mtu mbu nyumbani. Uvumi huo huvuma kila mmea huu unapouzwa, lakini mbu mmoja anayenaswa kwa bahati hawezi kufidia mia wanaozaliwa sahanini.

Kuhusu udongo, mchanganyiko unaotumiwa mahali pengi ni nusu mboji ya kinamasi, ile inayotokana na mimea ya sfagnamu na ambayo Wafaransa huiita tourbe, na nusu mchanga wa kwatsi au mawe mepesi meupe ya perlaiti. Mboji hiyo huagizwa kutoka nje, na mkuzaji asome maandishi ya mfuko asije akanunua iliyotiwa mbolea. Makumbi ya nazi yaliyosagwa yaweza kuchukua nafasi yake ikiwa yataloweshwa na kukamuliwa mara nyingi kwa maji ya mvua, kwani hubeba chumvi. Mchanga hupatikana Kolwezi bila shida, lakini si kila mchanga ni kwatsi. Kipimo cha jikoni ni siki. Mchanga wenye chokaa ukimwagiwa siki hutoa povu. Hata hivyo dolomiti ni mjanja: ikiwa katika chembe nzima haitoi povu la kuonekana, mpaka isagwe. Kwa hiyo kijiko cha mchanga kipondwe kwanza kwa jiwe mpaka kiwe unga, ndipo siki itiwe na sikio liinamishwe kusikiliza. Mchanga wenye chembe za kijani, ambazo huenda zikawa malakiti, utupwe bila kupimwa. Unaobaki kimya uoshwe mpaka maji yatoke meupe.

Rangi ndiyo inayowavuta wengi. Mtego uliokomaa vizuri huwa mwekundu ndani kama utosi wa jogoo, na wekundu huo ni anthosianini, rangi ambayo mmea huitengeneza ukipata mwanga mkali. Hakuna dawa ya kuuongeza wala chakula cha kuuleta. Mmea wenye majani marefu, membamba, yaliyolegea na mitego ya kijani kibichi umekosa jua, isipokuwa uwe wa ukoo usioweza kuwa mwekundu kwa asili. Kinyume chake, ule uitwao Akai Ryu, yaani joka jekundu kwa Kijapani, huwa mwekundu mmea mzima. Kolwezi iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na jua lake lina nguvu ya kutosha kabisa: saa sita kwa siku zinatosha. Mmea uliotoka dukani ndani ya kifuniko cha plastiki usitupwe juani siku hiyohiyo, bali uzoeshwe kwa wiki mbili, kwanza jua la asubuhi pekee. Kifuniko chenyewe kiondolewe, maana juani hugeuka sufuria. Chungu kiwekwe juu ya meza au tofali, si chini, ili matone ya mvua yasiurushie matope ya lupango, na pia kwa sababu kuku hawajui tofauti ya mmea adimu na mchicha.

Mkuzaji wa Kolwezi hukosea zaidi katika suala la usingizi. Kwao Carolina mnasanzi hulala miezi mitatu au minne ya baridi. Majani hupungua, mitego huwa midogo, na nguvu hurudi katika kitunguu kilichofichika udongoni. Ukinyimwa usingizi mwaka baada ya mwaka huchoka na kufa bila ugonjwa wowote kuonekana. Mambo mawili huuambia kwamba wakati umefika: baridi na kupungua kwa mchana. Huko Wilmington mchana mrefu wa mwaka huzidi mchana mfupi kwa saa nne na nusu hivi. Kolwezi tofauti hiyo ni ya saa moja na robo tu, kwa hiyo ishara hii ya pili ni hafifu mno na baridi peke yake ndiyo ya kutegemewa. Kwa bahati nzuri inakuja. Mwezi wa Juni na Julai joto la usiku huweza kushuka karibu na nyuzi 10, jambo ambalo Mombasa au Dar es Salaam haliwezekani kabisa bila friji. Chungu kiachwe nje usiku, mbali na ukuta uliopata moto mchana, maji ya sahani yapunguzwe mpaka udongo uwe na unyevu tu, na kuanzia Mei hata Agosti usilishwe kitu. Mmea ulioletwa kutoka Ulaya au Marekani utakuwa umezoea kulala Desemba. Utachanganyikiwa mwaka wa kwanza, na baadhi ya majani yatakuwa meusi kwa wakati usiotarajiwa. Huko si kufa. Ilimradi kitunguu ni kigumu na cheupe, usiguswe.

Mmea uliowekwa nje hujilisha wenyewe. Wa ndani waweza kupewa mdudu mmoja kwa mwezi, asiyezidi theluthi moja ya ukubwa wa mtego, na akiwa amekufa itabidi mtego uliofumba ubonyezwe polepole kwa nje ili udanganyike kwamba anapapatika. Nyama na samaki huoza na kuuozesha mtego. Shina la ua linapochomoza katika mmea dhaifu ni vema likatwe mapema.

Namna ya kuupata mnasanzi inadai uangalifu wa aina nyingine. Mmea huu umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES tangu mwaka 1992, hivyo kuuvusha mpaka ukiwa hai huhitaji kibali. Mbegu haziguswi na sharti hilo, ingawa sheria za afya ya mimea za kila nchi zaweza kuzihusu. Wizi wa mimea porini ulizidi huko kwao hata jimbo la North Carolina likaufanya kuwa kosa kubwa la jinai kuanzia Desemba 2014. Mbegu hupandwa juu ya udongo bila kufukiwa, huchipua baada ya wiki kadhaa, na mche huchukua miaka minne au mitano kukomaa. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huo ni muda wa shahada.

Asiyependa kungoja anao ndugu wa mnasanzi karibu zaidi. Jamii ya Droseraceae ina jenasi tatu tu zilizobaki duniani, na mojawapo, Drosera, imo katika madembo ya Katanga, yale mabonde ya nyasi yanayojaa maji wakati wa mvua. Drosera madagascariensis imeenea sehemu nyingi za Afrika ya tropiki, na Drosera katangensis imebeba jina la Katanga yenyewe. Mtego wao haufyuki. Majani yana vinywele vyenye matone yanayong'aa na kunata, na mdudu akitua hushikwa kama ndege kwenye ulimbo. Wanaotega samaki wataitambua pia Genlisea ya madembo hayohayo, ambayo hutega chini ya udongo kwa mirija yenye vinywele vinavyoelekea ndani: viumbe vidogo huingia wala hawatoki, sawasawa na samaki katika dema.

Si vema kuing'oa mimea hiyo. Mbegu chache zilizokusanywa mwishoni mwa mvua zinatosha, maana zi ndogo kama vumbi na kibonge kimoja huwa na nyingi. Sababu haihusu madembo peke yake. Katika vilima vya shaba kati ya Kolwezi na Lubumbashi mna aina zaidi ya 30 za mimea zisizopatikana popote pengine, nazo hupungua kila kilima kinapogeuzwa shimo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji wamejaribu kuziotesha mahali pengine na kugundua ugumu unaofanana na ule wa mnasanzi. Haumaniastrum katangense, ua la shaba lililowasaidia wachunguzi kutambua hata mahali pa tanuru za kale za kuyeyushia madini, huota vizuri penye udongo ambao ungeua mahindi. Katika udongo wa kawaida miche yake hushambuliwa na kuvu, na imependekezwa kwamba shaba ndiyo inayoikinga. Mkulima akiyaona mandhari hayo huiita ardhi hiyo mbovu, ilhali kwa mmea huo ndipo nyumbani.

Drosera ya dembo hulelewa kwa maji yaleyale, mchanga uleule na sahani ileile ya mnasanzi, hata ndani ya chungu kimoja kikiwa kipana. Tofauti ni kwamba haihitaji baridi. Kwa hiyo Juni mnasanzi unapolala, sahani isiachwe ikauke kabisa upande wake: ulimbo bado unafanya kazi.